Nianze na kitabu cha medali cha 1553? Jibu kwa mwalimu wa Chumbageni

Swali nalifupisha. Mwalimu mmoja wa sekondari anakaa Chumbageni hapa Tanga, babu yake kamwachia kopo la maziwa limejaa sarafu za Mjerumani pamoja na kitabu kimoja cha Kijerumani cha sarafu kilichoota ukungu, basi akaingiwa na hamu ya kukusanya vitabu adimu vya kale vya sarafu na medali. Onlaini kaona kitabu cha 1553 kilichochapwa Lyon, Ufaransa, kina medali za watu mashuhuri kuanzia Adam, na bei yake ni akiba yake yote. Anauliza: "Shikamoo mzee wangu, ninunue? Na nikinunua, kwa joto hili la Tanga na chumvi ya bahari nitakitunzaje?"

Marahaba mwalimu. Natanguliza jibu usije ukabonyeza kulipa usiku huu huu: usinunue, kwa sasa. Sio kwamba ni feki, la, maelezo uliyonitumia yanakaa sawa, hicho ni kitabu cha Guillaume Rouillé, mchapaji na muuza vitabu wa Lyon, alikitoa 1553 kwa Kilatini, Kifaransa na Kiitalia mwaka huo huo mmoja, kina sura za watu zaidi ya 800, kila mmoja kwenye duara lake mfano wa medali. Ila hebu jiulize, medali ya Adam aliipiga nani? Na Hawa naye yumo. Rouillé alikuwa mfanyabiashara bwana, alitaka kila mtu mashuhuri awe na sura, na pale ambapo hapakuwa na sarafu wala sanamu ya kunakili basi sura ikatungwa tu. Kwa mtu anayependa michoro ya kuchonga kwenye mbao ya karne ya 16 ni kitu cha kuvutia sana, lakini kwa mtu mwenye kopo la sarafu mezani anayetaka kuzijua, hakitamfundisha hata moja.

Halafu ukiangalia tangazo lile vizuri, muuzaji kapiga picha jalada, ukurasa wa mwanzo na kurasa chache za ndani, zote za watu wa kabla ya Nabii Isa. Kitabu kile kina sehemu mbili, ya kwanza ni waliotangulia kabla ya Masihi na ya pili ni waliokuja baada yake, mara nyingi zimejalidiwa pamoja lakini sio lazima. Yeye hajasema sehemu ya pili ipo au haipo. Muuzaji anayejua kazi yake akinyamazia kitu kama hicho mi huwa nachukulia hakipo mpaka anioneshe. Na kwa vile kilitoka kwa lugha tatu na nakala zimebaki za kutosha, usiwe na presha, kitarudi tena sokoni.

Wenzake wa zama zile nakupitishia haraka ili ukiona majina usishtuke. Guillaume Budé aliandika kuhusu pesa na vipimo vya Warumi, Paris, 1514, hicho ni maandishi matupu. Andrea Fulvio, Roma, 1517, ndiye mi namheshimu zaidi, alitoa sura za watu mashuhuri kutoka kwenye sarafu na kuna mahali sura ilipokosekana duara likaachwa tupu, jina lipo sura hakuna, huo ndio uungwana wa kazi. Hubert Goltzius, Antwerp, 1557, sura kubwa za makaisari kwa uchapaji wa rangi zaidi ya moja, kizuri mno na ghali mno, na habari zake zina matobo mengi tu. Mtu aliyekuja kupanga elimu yenyewe ikasimama ni Joseph Eckhel wa Vienna, majuzuu manane, 1792 hadi 1798, Kilatini kitupu. Kwenye medali hasa kuna kile kitabu cha mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, 1702, kiwanda cha uchapaji cha mfalme kilichongewa herufi mpya kabisa kwa ajili yake, ukurasa mmoja medali moja na maelezo yake, hicho ukikikuta kwenye nyumba ya mtu huko Raskazone nipigie simu hata saa nane za usiku. Vyote hivi usivinunue, visome bure. Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa na Internet Archive wameviskani, bando lako tu.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Vitabu vya namna hiyo makumbusho na matajiri wa Ulaya na Marekani wamevigombania karne kwa karne, we ukiingia na mshahara wa mwalimu utaokota mabaki, kitabu kisicho na mgongo, kilichokatwa picha, ukae nacho kwa majonzi. Lakini makaratasi yanayohusu sarafu zilizotembea pwani hii hii yetu, hayo mi sijaona mtu aliyeyakusanya kwa mpango, na mengi wala hayaitwi vitabu, ni vijitabu, makala zilizotolewa peke yake, orodha za minada, magazeti ya serikali, ndio maana yanapotea. Hapo ndipo pa kuanzia. Kopo la babu yako tayari limekwambia uanzie wapi.

Anza na Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo ndogo, upande mmoja jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na wakayapatanisha vina, soma upande huu kisha geuza na beti inakamilika, watu wa pwani wameanza zamani mambo ya mashairi. Hizo sarafu zenyewe mwalimu usiziguse. Najua mtu ataletewa, mvua ikinyesha huko kusini na visiwani watoto wanaziokota ufukweni, lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, huwezi kujichimbia, kuuza wala kupeleka nje bila kibali, na zaidi ya sheria, sarafu ikishatoka ardhini bila kuandikwa imetoka wapi imekufa nusu. Ila karatasi iliyoandika habari zake unaruhusiwa kuimiliki bila wasiwasi. John Walker wa British Museum aliandika historia na sarafu za masultani wa Kilwa kwenye jarida la Numismatic Chronicle la London, 1936. Zamani mwandishi wa makala kama hiyo alikuwa anapewa nakala kadhaa za makala yake peke yake, na kava lake jembamba, agawie marafiki. Hicho kijitabu ndio kitu cha kusaka. Juzuu zima la jarida maktaba kubwa zinalo, lakini kile kijitabu kilichotolewa peke yake na labda mwandishi kaandika kwa mkono "kwa fulani", hicho ni adimu kweli na muuzaji wa kawaida anaweza kukitupia kwenye boksi la mabaki.

Baada ya Walker mfuate Freeman-Grenville, jarida lile lile, 1957, sarafu za Afrika Mashariki kabla ya Mreno. Halafu Neville Chittick na majuzuu yake mawili ya uchimbaji wa Kilwa, 1974. Halafu makala ya 1986 kwenye jarida la Azania kuhusu hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, ile iliyopatikana 1984, sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo vidogo, na dhahabu kidogo za nje. Utaniambia 1986 sio kale. Sawa, sio kale, lakini mkusanyaji anayengoja karatasi izeeke ndio ainunue atainunua kwa bei ya uzee.

Kisha uje kwenye kopo lako sasa. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kupiga sarafu zake 1890, sarafu za shaba zilizoitwa pesa, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na rupia za fedha zenye kichwa cha Kaiser amevaa kofia ya chuma, na rupia moja ilikuwa pesa 64. 1904 serikali ikashika hatamu, rupia ikagawanywa kwa heller 100. Picha ulonitumia inaonesha pesa kadhaa, heller nyingi, na ile ya njano ya 20 yenye herufi T na mwaka 1916, hiyo T ni Tabora, vita ilipofunga njia ya bahari wakapiga sarafu kwenye karakana ya reli kwa shaba na mabaki waliyoyapata. Pale pale Tabora wakapiga na ile ya dhahabu ya rupia 15, ya tembo na mlima nyuma yake, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, idadi yake haifiki 17,000. Nayo ndio inayofekiwa kuliko zote, mjini ukionesha tu kwamba unapenda sarafu ataibuka mtu na tembo mfukoni. Orijino ina gramu 7.17 hivi, kwa hiyo chukua mizani ya dijitali ya sonara kabla ya kuanza mazungumzo ya bei.

Karatasi za kipindi hicho ndio raha yake sasa. Kuna gazeti rasmi la serikali ya Mjerumani lililochapwa Dar, Amtlicher Anzeiger, ambalo amri zake zilikuwa zinatangazwa humo. Kuna noti zenyewe za vita za 1915 mpaka 1917, zilizochapwa hapa hapa nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana, mpaka za mwisho kabisa zikagongwa kwa mihuri ya mpira porini, na Arnold Keller akaja kuandika katalogi ya noti za makoloni yote ya Kijerumani. Usisahau pia kwamba Tanga ilikuwa mji wa kuchapa. Gazeti la Kiongozi la Kiswahili lilichapwa kwenye shule ya serikali hapa hapa, na Usambara-Post la walowezi nalo lilikuwa la hapa. Kipande chochote cha karatasi cha miaka hiyo chenye bei za vitu kwa rupia na heller, mi nakihesabu ni sehemu ya maktaba ya sarafu, waliosoma Ulaya watabisha, waache wabishe. Ongeza Seyyid Barghash na pesa zake zenye picha ya mizani za 1299 Hijria, ambayo ni 1882, ongeza bodi ya sarafu ya Mwingereza, florini ya 1920 iliyoishi muda mfupi kisha shilingi, na zile senti 10 za tundu za 1936 zenye jina la Edward wa 8, tayari una rafu nzima kabla hujafika Ulaya.

Utavipata wapi? Sio minadani kwanza. Nyumba za mameneja wa mashamba ya mkonge, huko njia ya Muheza mpaka Korogwe, walikaa Wagiriki, Waswisi, Wajerumani, wakaacha makabati. Nyumba za Wahindi wa mjini familia inapohamia Dar au Canada, watu wanagawana vyombo na vitabu vinaenda kwa muuza karanga. Misheni za Usambara. Tafuta pia namba za zamani za jarida la Tanganyika Notes and Records, lilianza 1936, limejaa historia na magofu ya pwani, walimu wengi wa zamani walikuwa nalo. We mwalimu, wenzako wastaafu waulize kwanza kabla hujauliza intaneti. Ila angalia mihuri. Kitabu chenye muhuri wa maktaba ambao haujafutwa kwa muhuri mwingine ni cha maktaba bado, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake, na faili lenye muhuri wa serikali halinunuliwi, unalirudisha.

Kitu ambacho mtu mgeni wa vitabu vya sarafu hajui ni kwamba thamani yote iko nyuma, kwenye kurasa za picha. Kitabu cha hadithi kikikosa ukurasa unachukia, ila cha sarafu kikikosa picha ni kama mtungi uliotoboka kitako, umbo lipo lakini hakina kazi. Na picha ndizo zinazoibiwa kwa sababu zinafremiwa na kuuzwa moja moja. Kwa hiyo usiulize "kimekamilika?", atakujibu ndio. Uliza: picha ya mwisho ni namba ngapi, naomba picha yake, naomba na ya katikati, naomba orodha ya picha kama ipo. Fungua nakala iliyoskaniwa onlaini, linganisha moja moja, na ikibidi linganisha na skani ya pili kwa sababu hata maktaba kubwa zina nakala zenye mapengo. Picha za zamani zilizochapwa kwa bamba la shaba zina alama ya kubonyea pembeni, mstatili hivi unaouona ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga, isipokuwepo na ukingo haujakatwa, anza kushuku ni chapa ya juzi. Makunyanzi, madoa ya kahawia, jalada lililochoka, hivyo unavumilia. Picha pungufu usivumilie hata ukipewa nusu bei, labda unajua unachokifanya.

Na maandishi ya mkono pembezoni usiyafute! Watu wananiletea vitabu wameshavisugua kwa raba. Katalogi ya mnada ambayo mtu aliyekaa ukumbini kaandika kila sarafu iliuzwa kiasi gani na kwa nani, hiyo ina thamani kuliko nakala safi, maana habari hiyo haipo pengine popote.

Haya, Tanga na unyevu wake. Hapa ntakaa kidogo maana ndio kazi yangu ya kila siku, kujalidi na kuuguza vitabu. Cha kwanza kitakushangaza, kile kitabu cha 1553 kingestahimili Tanga kuliko kitabu cha babu yako. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, nyuzi ndefu, imara. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 wakaingiza karatasi ya mti yenye asidi, inakuwa ya kahawia halafu inavunjika kama bisi. Mbaya zaidi ni ile karatasi inayong'aa waliyoitumia kwa picha za sarafu karne ya 20, ile imepakwa udongo mweupe laini, ikilowa kidogo tu na ikakauka imefungwa, kurasa zinagandana zinakuwa tofali, huzitenganishi tena. Kwa hiyo kitabu cha picha za kung'aa kikinyeshewa, usikiache kikauke kimefunikwa, weka karatasi nyeupe kavu kati ya kila picha na picha papo hapo, au kama huna nafasi kitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, kiweke kwenye friza, kinakungoja mpaka upate muda.

Friza hiyo hiyo ndio dawa ya wadudu. Mfuko uliofungwa vizuri, wiki mbili au zaidi kwenye baridi kali, kisha ukitoa usifungue mfuko mpaka kitabu kirudi joto la chumba, la sivyo kitatoka jasho. Usipulizie dawa ya mende kwenye vitabu. Ukungu unapenda hewa yenye unyevu wa juu ya asilimia 65, na Tanga masika yote tuko juu ya hapo, kwa hiyo kipimo kidogo cha unyevu nunua, sio ghali, na feni iwe inazunguka hata ukiwa umesafiri. Kabati lisiegemee ukuta wa matumbawe wa nyumba za zamani, ule ukuta unavuta maji kutoka chini, liache nafasi ya kupita mkono. Vifuko vya silika vinasaidia kwenye boksi lililofungwa tu, kwenye kabati la wazi unajidanganya. Sanduku la bati la babu lililofungwa kabisa bila vifuko ni baya kuliko rafu ya wazi. Selotepu, mwiko. Kulaminisha, mwiko mkubwa. Kupaka jalada la ngozi mafuta ya nazi ili ling'ae, tafadhali, mende watakushukuru. Na zile sarafu usizisugue kwa ndimu na majivu, ile rangi nyeusi ya uzee ndio heshima yake.

Kitabu chako kilichoota ukungu usikifute leo. Ukungu mbichi ukiufuta unaupaka. Kipeleke kibarazani penye kivuli na upepo, sio juani, kikisimama wima kurasa zimefunguka kidogo, siku chache mpaka ule unyoya uwe vumbi, halafu vaa barakoa, tumia brashi laini ya rangi, piga brashi kuelekea nje ya mtu na nje ya nyumba. Watoto wasiwepo. Kikiisha kukauka nipigie picha tatu, ukurasa wa jina la kitabu wenye mwaka na mji wa uchapaji, ukurasa wa mwisho wa maandishi, na ile picha ya mwisho kabisa yenye namba yake, hata kama herufi za Kijerumani za kizamani zinakutisha we piga tu. Akiba yako iache benki. Kuna mtu namfahamu anauza vitu vya marehemu baba yake aliyekuwa afisa elimu, ndani mna majarida ya miaka ya 50, Jumamosi ukiwa na nafasi pita Barabara ya 12 twende wote, na bei niachie mimi niongee.